Ubao wa Kusomwa kwa Vidole

Mwaka ule watu walipohamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa karibu na Igalula, Hilari alipoteza njia zote alizokuwa akizijua. Alikuwa kipofu tangu alipougua surua akiwa na miaka minne, na kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amekijua kijiji chao cha zamani kwa miguu. Alijua mahali mchanga unapogeuka kuwa kokoto, mahali harufu ya zizi inapoishia, na mzizi wa mninga uliokuwa ukimwambia kwamba amefika nusu ya safari ya kisimani. Alikwenda peke yake na kurudi peke yake. Sasa kule kulikuwa mahame, na kijiji kipya kilikuwa na nyumba themanini katika mistari minne, zote sawa.

"Nikitoka mlangoni hatua kumi," alimwambia mkewe, Tekla, "sijui kama niko kwetu au kwa jirani."

Kwa miezi sita Tekla alimshika mkono kila alikotaka kwenda. Mara nyingi Hilari alikaa tu nyumbani ili asimsumbue. Kilichomuuma zaidi ni Raymundi, rafiki yake tangu utoto. Zamani walikaa pua na mdomo. Sasa Raymundi alikuwa amepangiwa nyumba katika mstari wa nne, mwisho kabisa, na walikuwa hawaonani ila Jumapili kanisani.

Siku moja Tekla alimsimulia juu ya ramani ya kijiji iliyobandikwa ofisini kwa katibu. Barabara, nyumba, kisima, shule, vyote vilichorwa kwa wino. Hilari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kama ipo ya macho," alisema, "haiwezi kuwepo ya mikono?"

Tekla alikuwa akipeleka asali sokoni Tabora, na huko alikuwa ameona vibao vya kuwekea msahafu vilivyokatwa nakshi za maua. Aliulizia aliyevitengeneza, akaelekezwa mtaa wa Chemchem, kwa Swaumu binti Twalibu. Basi alimwomba katibu ruhusa ya kunakili ramani ile kwenye karatasi, na Jumanne iliyofuata yeye na Hilari wakapanda treni.

Swaumu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mjane, aliyeishi na mama yake, Bi Kuluthumu. Kazi alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa akichonga mbao za juu ya milango. Mbao nzuri zilipoanza kuadimika, Swaumu aligeukia plaiwudi, hasa ile ya masanduku ya majani ya chai, nyembamba na nyepesi. Aliikata kwa msumeno mdogo wa nakshi wenye wembe mwembamba kama uzi, na michoro aliitia kwa chuma cha moto. Walioagiza kwake walikuwa wachache, kwa sababu wengi waliona kazi ya mbao ni ya wanaume.

Hilari alimwamkia Bi Kuluthumu, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akaonyeshwa kiti. Kisha akamweleza Swaumu anachotaka. Njia ziwe zimezama, kidole kipite ndani yake. Nyumba ziwe zimeinuka. Kisima kiwe tundu.

"Naweza," alisema Swaumu, na alikuwa na hakika.

Alifanya kazi ile kwa siku tisa. Alichora njia kwa chuma chekundu, zikatoka nyeusi tii. Alikata vipande themanini vya mraba, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, akavibandika kwa gundi. Pembeni, pote kuzunguka ubao, alitia maua na majani kama ya baba yake, maana alitaka kazi ionekane imetoka kwao. Bi Kuluthumu aliitazama akasema ni kazi ya kutundikwa ukutani.

Hilari aliporudi na mkewe, aliuweka ubao mapajani akaanza kuupapasa polepole.

"Hapa ukingoni kuna nini?" aliuliza.

"Maua," alijibu Swaumu.

"Maua haya yako wapi kijijini?"

"Hayapo, kaka. Ni urembo tu."

Hilari aliendelea. Alifika kwenye tundu la kisima, akavuta mkono ghafla. Kibanzi kilikuwa kimemwingia chini ya ukucha. Tekla alikitoa kwa pini. Hilari akarudi pale pale kwa kidole kingine.

"Kuna njia inayotoka kisimani kuelekea magharibi?"

"Hapana," alisema Swaumu.

"Mbona ipo hapa?"

Swaumu aliinama kutazama. Hakuona kitu. Ilibidi auchukue ubao, aupeleke uani na kuugeuza juani, ndipo akauona mpasuko mwembamba kama unywele, mahali msumeno ulipochana ngozi ya juu ya plaiwudi. Yeye aliuhesabu si kitu. Kwa kidole cha Hilari ilikuwa njia, na mtu angeweza kuifuata mpaka porini.

Hilari alipomaliza, ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi kwa masizi. Mifuo ya njia ambayo Swaumu aliiunguza sana ilikuwa imegeuka makaa, na makaa yalikuwa yakimomonyoka kila alipopita.

"Usiniwie vibaya, fundi," alisema. "Najua umefanya kazi kubwa. Lakini nikienda na ubao huu nitapotea zaidi."

Walipoondoka, Swaumu alikaa kwenye benchi lake hakugusa kitu. Aliona aibu, kisha akaona hasira, kisha aibu tena. Nakshi za baba yake ziliwekwa juu ya milango, zikatazamwa kwa mbali na watu waliokuwa wakipita. Hakuna aliyewahi kuzishika. Alitambua kwamba miaka yote alikuwa akisafisha upande unaoonekana tu.

Kesho yake asubuhi alianza upya, safari hii kwa vipande vya kutupwa. Alikata tundu moja, akaligeuza, akaona upande wa chini umechanika kama mdomo wa mbwa. Akajaribu kuweka kipande kingine cha ubao chini yake na kuvibana pamoja kwenye jiliwa, akakata vyote viwili kwa pamoja. Kile cha chini kilichanika. Cha juu kilipona. Halafu akapika uji mzito wa unga wa muhogo, akabandika karatasi ya gazeti juu ya ubao, akangoja ikauke, akakatia juu ya karatasi. Karatasi ilizishika nyuzi za mbao zisinyanyuke. Alipoilowesha na kuibandua, ukingo ulikuwa umekatika kama wa jibini.

Alijifunza pia kutosukuma. Msumeno ukisukumwa hupinda na kuchana. Ukiachwa uende kwa mwendo wake hukata.

Chuma cha moto kilimsumbua zaidi. Alikuwa amezoea kukitumia kikiwa chekundu, kwa sababu wekundu huleta weusi, na weusi hupendeza. Sasa alikitoa jikoni na kungoja. Akichora mapema, mfuo uliungua. Akichelewa, haukuingia. Alichukua ubao mmoja, akachora mistari ishirini, kila mmoja baada ya kuhesabu zaidi kidogo, akaandika hesabu pembeni kwa penseli. Mstari uliofaa ulikuwa wa hesabu ya kumi na nne, wekundu ukiwa umekwisha kabisa, na ilibidi mkono uende bila kusimama, maana pale uliposimama palitokea shimo. Aligundua pia kwamba chuma kikikatiza nyuzi za mbao hurukaruka, lakini akitangulia kukata kwa ncha ya kisu, hufuata njia ya kisu kwa utulivu.

Macho yake hakuyaamini tena. Akamwendea mama yake, aliyekuwa uani akishona kofia.

"Mama, vidole vyako vinajua uzi mmoja na mwingine. Nisaidie."

"Nifanye nini?"

"Nikufunge macho."

Bi Kuluthumu alicheka, lakini alikubali kufungwa kanga usoni. Alipapasa kipande cha kwanza akasema kinakwaruza. Cha pili kinakwaruza. Cha tatu alikipapasa mara mbili.

"Hapa umekutanisha njia mbili," alisema. "Moja inaishia hapa, nyingine inaendelea."

"Kweli kabisa."

"Basi acha hapo hapo, usiongeze kitu."

Ubao wa pili ulichukua wiki tatu. Plaiwudi ilikuwa imejikunja kidogo, na Swaumu akailaza siku mbili chini ya mawe ya kusagia mpaka ikanyooka. Hakutia ua hata moja. Njia hazikuwa nyeusi, zilikuwa na rangi ya kahawia kama chai, na zilikuwa laini kama ndani ya kijiko. Kila nyumba aliisugua kwa msasa pembe zote nne. Shule aliifanya pembetatu, ofisi duara, na kanisa msalaba mdogo. Barabara ya Igalula aliipa mifuo miwili iliyokwenda sambamba.

Aliufunga ubao kwenye shuka akaupeleka mwenyewe kwa treni. Alitaka kuona kama unasema kweli.

Hilari aliupapasa akiwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake. Safari hii alipitia mistari yote minne, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaweka kidole kwenye mraba mmoja wa mstari wa pili.

"Hapa ndipo tulipo."

"Ndipo," alisema Swaumu.

"Na Raymundi yuko hapa." Kidole kilikuwa kimefika mwisho wa mstari wa nne bila kukosea. "Twendeni tukajaribu."

Walitoka watatu, Hilari mbele na fimbo yake, wanawake nyuma. Tekla aliunyoosha mkono mara mbili kumshika, akaurudisha. Mstari wa tatu walifika vizuri. Baada ya hapo fimbo ya Hilari ikagonga kitu kigumu, na akasimama. Kilikuwa kichuguu, kikubwa kuliko mtu, kimekaa katikati kabisa ya mahali ambapo ubao ulionyesha njia.

Swaumu aliifungua karatasi ya ramani ambayo Tekla aliinakili ofisini. Njia ilipita pale, imenyooka kama rula. Lakini ardhini watu walikuwa wamekikwepa kichuguu na kukata mshazari nyuma ya nyumba ya tano, na njia yao ilikuwa imekanyagwa mpaka inang'aa.

Katibu wa kijiji, kijana mmoja aliyeitwa Wenceslaus, alikuwa akipita, akaja kuona kuna nini. Tekla alimweleza.

"Hiyo ya mshazari haimo katika mpango, ndugu zangu," alisema Wenceslaus. "Kichuguu tutakiondoa. Njia ya kijiji ni hii iliyonyooka."

"Mtakiondoa lini, Ndugu Katibu?" aliuliza Hilari.

"Baada ya mavuno."

"Mimi natembea leo."

Wenceslaus alitazama kichuguu, akatazama njia ya mshazari, ambayo viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimetoka kuikanyaga. Akatabasamu kidogo.

"Basi iwekeni," alisema. "Hata mimi napita huko."

Swaumu alikuwa amekuja na kisu, gundi, msasa na chuma chake. Walirudi nyumbani, akakipasha chuma kwenye mafiga ya Tekla, akahesabu mpaka kumi na nne. Kwanza alikata mshazari kwa ncha ya kisu, kisha akapitisha chuma mara moja bila kusimama. Ile njia ya kwenye karatasi aliijaza kwa gundi na unga wa mbao kutoka mahali iliposhikana na mshazari, akaisugua mpaka ikawa sawa na ubao. Hilari alipitisha kidole. Kilipofika mahali mshazari unapoanzia kilikata kushoto chenyewe.

Swaumu alilala kwao siku tatu, kwa sababu Hilari alitaka kuujua ubao kwa moyo kabla fundi hajaondoka. Siku ya tatu, jua likiwa bado halijawa kali, Hilari aliamka akavaa shati la Jumapili, akachukua fimbo.

"Nyie kaeni," alisema.

Walikaa. Tekla alishika upande wa kanga yake akaupindapinda mpaka mume wake alipopotea nyuma ya mstari wa tatu. Baadaye walisikia yaliyotokea kutoka kwa Raymundi mwenyewe. Alikuwa hayupo, alikuwa shamba la kijiji. Aliporudi karibu na adhuhuri alimkuta Hilari ameketi kizingitini kwake, ameegemea mlango, anavuta tumbaku.

"Nani kakuleta?" aliuliza Raymundi.

"Nimekuja."

Raymundi alifungua mlango, akatafuta kigoda cha pili, na wakazungumza mpaka jua likaanza kuinama. Hilari alirudi kama alivyokwenda. Alikosea nyumba moja, akaingia kwa watu waliokuwa wanakula, nao wakamkaribisha ugali kabla ya kumwelekeza kwake, nyumba ya pili kulia. Alisimulia jambo hilo kwa furaha kuliko mengine yote.

Kesho yake Tekla alimsindikiza Swaumu stesheni. Alikuwa amembebea kibuyu cha asali. Treni ilichelewa, kwa hiyo walikaa kwenye kivuli cha jengo wakila karanga. Tekla aliangalia viganja vyake.

"Jana nimelima tangu asubuhi mpaka nimechoka mwenyewe," alisema. "Sikumbuki lini mara ya mwisho. Kila nilipoanza tuta, ilinibidi niache nikamshike mkono Hilari."

"Sasa utafanya nini na siku nzima?"

"Kuna darasa la kisomo cha watu wazima, wanakutana saa kumi. Walikwisha kuniandika jina, nikawa siendi." Alitema ganda la karanga. "Mwalimu anasema herufi zinaandikwa ubaoni kwa chaki, lakini chaki imekwisha tangu mwezi uliopita. Wanachora mchangani, na upepo unafuta."

Swaumu aliacha kumenya karanga.

"Herufi ziko ngapi?"

"Sijui. Ndiyo kwanza nataka kujifunza."

Wote wawili walicheka. Treni ikaonekana mbali, upande wa mashariki, na Swaumu akasimama kufunga mizigo yake. Alikuwa tayari ameanza kupanga kichwani jinsi ya kukata herufi A ya plaiwudi, isiyofutwa na upepo, bila kuvunja kile kidaraja chake cha katikati.