Uso wa Boazi

Tangu printa ya stationeri pale Kyela mjini iteme nakala ya kwanza ya kitabu chake, Tusekile alikuwa hakai. Alimwonyesha dereva wa bajaji, akamwonyesha muuza vocha, akafika nyumbani Ikolo na kumkuta shangazi yake anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Akamkataza kushika, akamfunulia kurasa mwenyewe.

Zilikuwa habari za Ruthu, zile za kwenye Biblia. Maneno hakugusa hata moja, ila aliyavalisha. Zile namba za mistari zinazojazana kama inzi kwenye dagaa wa usipa alizisogeza pembeni, ndogo, zisimsumbue mtu. Herufi akazikuza, bibi asiazime miwani ya jirani. Na picha sasa: Naomi na mkamwana wake Ruthu wamefunga vitenge, wanakuja na barabara ya vumbi kama watu watokao Makwale, migomba huku, kakao kule, milima ya Livingstone nyuma yao. Tusekile alisoma chuo miaka mitatu, ubunifu wa picha, na watu wakamwambia atachora mabango ya saluni. Haya, waje waone.

Mchungaji Ezra, mtu wa Singida aliyehamishiwa kwao mwaka jana, alikipenda mara moja. Lakini haamui peke yake.

"Alhamisi kina mama wakisome kwanza," alisema. "Wakikipokea, Jumapili ya mavuno tunakisoma kanisa zima. Wakikikataa, binti yangu, kitabaki kuwa kumbukumbu yako."

Mzee wa kanisa Deusdedit alikifungua kwa kidole kimoja, kama anayefunua sufuria ya mtu mwingine. "Neno halihitaji kupakwa rangi ya kucha," akasema. "Ila mimi nani. Wasome."

Alhamisi ikafika. Msomaji alikuwa Angetile, kwa sababu hakuna kinywa kingine. Angetile akisoma, hata mtoto anayelia hunyamaza asikilize. Kina mama wakagawana nakala, wawiliwawili, na kurasa za mwanzo zikaenda kama maji. Naomi anafiwa, wanaguna. Ruthu anagoma kurudi kwao, wanapiga vigelegele. Mmoja akauliza mbona maandishi yanasema shayiri na picha ni mpunga, mwenzake akamjibu, "Shayiri umeiona wapi wewe? Acha tuelewe." Tusekile pale nyuma alikuwa anajing'ata midomo kwa furaha.

Angetile akafunua ukurasa wa Boazi, tajiri mwenye shamba.

Akageuza uso ukutani. Akavuta kitenge mpaka kwenye paji la uso, akafunika kitabu kwa kiganja, akaketi. Wanawake wengine wawili, wake wa shemeji zake, nao wakafunga vyao.

"Mama, kuna nini?" mchungaji akauliza.

"Siwezi kusoma, mchungaji."

"Herufi hazionekani?"

"Zinaonekana sana."

"Mimi nilisema," Deusdedit akaliambia dari.

Tusekile akatoka. Akasimama nyuma ya kanisa, pale kakao imeanikwa. Amekosea wapi? Rangi? Au ndiyo yale ya mzee, kwamba Neno halichezewi? Jumapili ilikuwa inamponyoka hivihivi anaiona.

Bibi Jubilate akamfuata taratibu, fimbo mkononi. Huyu ni mke wa Mzee Ambwene, na Angetile ni mke wa mwanawe wa kwanza.

"Wewe mtoto," akasema, "huyo Boazi ulimtoa wapi?"

"Nilimpiga picha Mzee Ambwene pale mashine ya kukoboa, nikachora juu yake. Ana ndevu nzuri, ana uso wa huruma. Nikasema Boazi ndiye huyu."

"Ndiye, sikatai. Na ni baba mkwe wa nani?"

Mila hii Tusekile aliijua tangu anatambaa: mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake usoni, na jina lake halitamki. Njiani akimwona anaingia kwenye majani mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, ila kwa Mzee Ambwene wanaishika bado. Tusekile hakuwaza tu kwamba hata mkwe wa karatasi ni mkwe. Naye Angetile angejielezaje, na jina lenyewe hawezi kulitaja?

"Nitamfuta, bibi. Leo leo."

"Thubutu. Kijiwe kizima cha bao kinajua kwamba yeye ni Boazi. Ukimfuta, mimi nitalala na nani humo ndani, kama si na kinyongo chake?"

Tusekile akacheka huku machozi yanamtoka. "Sasa nifanyeje? Hafutwi, wala hatazamwi."

"Mimi sikwenda chuo," bibi akasema. "Ninachojua, mkwe akishapita akawapa wakamwana mgongo, wanarudi barabarani wanaendelea na safari zao."

Tusekile akamwangalia. Kisha akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, bibi, ndaga fijo," akakimbilia kompyuta.

Alimgeuza. Koti lake lile, kofia ile, mabega yale, hakuna wa kubisha ni nani. Na kumbe alipompa mgongo, ukurasa wenyewe ukafunguka: msomaji anasimama nyuma ya Boazi, anaona anachokiona yeye, shamba lote la mpunga, na katikati msichana mgeni ameinama anaokota masazo. Mwanzoni ndevu zilikuwa zimemficha Ruthu. Tusekile akaona aibu kidogo, na raha zaidi.

Alhamisi iliyofuata Angetile alifika ukurasa ule ule. Akauchungulia ukurasa kwa jicho moja, kisha yote mawili. Akashusha kitenge mabegani. Akasoma mpaka mtoto wa Ruthu akazaliwa, na kina mama wakaomba arudie pale shambani.

"Jumapili, basi," mchungaji akasema. Hakuna aliyepinga.

Watu walipokuwa wanatoka, Deusdedit akambana Tusekile mlangoni. Alikuwa amenyoa, na kalamu mbili mfukoni.

"Kitabu kijacho kina mzee yeyote?"

"Wapo, babu. Tutawageuza wote."

"Mimi nimezaa mabinti watupu," akasema, akiinua kidevu kidogo upande wa mwanga. "Uso wangu hauna ugomvi na mkamwana yeyote."