Neno la Wakubwa

Zacharia alikuwa mfagiaji katika kiwanda cha nyuzi pale Thika, na kila Ijumaa magazeti yaliyokwisha kusomwa ofisini yalikuwa yake. Hakuyauza kwa wenye bucha kama waliomtangulia. Aliyabeba hadi chumbani kwake Gitothua, akayakata kwa wembe na kuyabandika daftarini: neno gumu la Kiingereza juu, vipande vitatu vya habari chini yake. Maana iliyokubaliana na vipande vyote vitatu, hiyo ndiyo aliyoiandika kwa wino. Kamusi alikuwa nayo, ila ilianzia herufi B. Kurasa za mbele muuza karanga alikwisha kuzitumia kufungia wateja karanga.

Mwaka huo wa tisini na sita kiwanda kilitangaza mtihani wa Kiingereza. Watu watatu wa kwanza wangetolewa kwenye mashine wawe makarani. Zacharia mwenyewe alishapita umri uliotakiwa. Khamisa wa mashine za kusokota hakuwa ameupita, na alikuwa na sababu kuliko wote: vumbi la pamba lilimwingia kifuani, na daktari alimwambia waziwazi, ama atoke mle, ama afie mle.

Basi wakawa wanakaa nyuma ya ghala saa ya chakula, daftari magotini.

"Leo tunarudi kwa A," Zacharia alisema siku moja kwa sauti yake ya chini. "Alleged. Soma."

Khamisa akasoma, kikohozi kikimkatiza. Alleged mastermind. Alleged ringleader. Alleged drug baron.

"Hawa ni watu wa aina gani?"

"Si ni wezi?"

"Mwizi wa kuku hana habari gazetini. Hawa je?"

Khamisa akafikiri. "Wakubwa. Wanaojulikana."

"Ndiyo hiyo. Mashuhuri."

"Kumbe hata wewe ni alleged, mwalimu! Kiwanda kizima wanakujua na hilo fagio."

"Hebu toka hapa," Zacharia akasema, lakini siku hiyo yote alitembea kama mtu aliyevaa koti jipya.

Shaka haikukosa kumjia. Ofisini kwa Bwana Kagwe, mkuu wa wafanyakazi, palikuwa na kamusi nene yenye herufi zote, naye Zacharia aliipangusa kila asubuhi. Kuifungua kungechukua dakika moja. Lakini aliajiriwa kupangusa, na mara ya mwisho alipokutwa akisoma karatasi za mezani aliulizwa kama siku hizi fagio lina macho. Akaipangusa, akairudisha mahali pake.

Insha ya mtihani ilihusu mtu aliyekusaidia maishani.

Majibu yalipotoka, Zacharia alikuwa akipiga deki kwenye korido. Mlango wa Kagwe ulikuwa wazi, na Khamisa alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Mama, umekuwa wa nne," Kagwe alikuwa akisema. "Alama mbili tu zimekuangusha. Lakini ngoja, hii lazima unieleze." Akasoma kwa sauti: "I thank God for my alleged teacher."

Waruguru, mpiga taipu, akaacha mashine yake. "Ngai! Sasa huyo ni mwalimu ama mshukiwa?"

"Ameliandika mara sita," Kagwe akasema. "Mama, alleged ni mtu anayesemekana tu, bado hajathibitishwa. Ni neno la kortini. Sasa huyo mshukiwa wako ni nani, tumjue?"

Kwenye korido, maji yalidondoka kutoka kwenye tambara. Ilikuwa hatua nne hadi mlangoni. Zacharia angeweza kuingia na kusema kosa ni lake, neno hilo ni yeye aliyelifundisha, labda wangeipima insha upya. Maneno alikuwa nayo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Alikuwa na kazi ya kupoteza pia.

"Sina mwalimu," Khamisa akasema. "Nilijisomea. Huyo nilimtunga tu."

"Basi hata kutunga kumekushinda," Kagwe akasema, si kwa ukali, akamrudishia karatasi. "Rudi kazini. Labda mtihani mwingine utakuja, miaka miwili, mitatu."

Khamisa alipotoka walikutana uso kwa uso.

"Khamisa, mimi..."

"Ulikuwa hapa muda wote?"

Zacharia akaanza kukamua tambara.

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa hapa."

Khamisa akaitikia kwa kichwa, polepole. Akakohoa, akangoja kifua kitulie.

"Hilo neno hukulijua, na sikulaumu. Hata mimi nililipenda," alisema. "Lakini jina lako ulilijua."

Akaivuta leso yake, akajifunga pua na mdomo, akasukuma mlango wa ukumbi wa kusokota. Mngurumo wa mashine ukajaa korido nzima, kisha mlango ukajifunga wenyewe.