Mtoto Mdogo, Uzazi Mwepesi

Mama Eugénie wa Panda alikuwa na sifa moja tu duniani, na aliitumia miaka zaidi ya thelathini bila kuichoka: alimzaa mwanawe Guy kabla mboga ya sombe haijaiva jikoni. Hakulia, hakupasuliwa, hakuitiwa daktari. Mtoto alikuwa mdogo kama fretin, wale dagaa wakavu wa sokoni, akateleza tu. Basi kila mwanamke wa kambi ya wafanyakazi wa migodi aliyeshika mimba alisomewa somo lile lile: mtoto mdogo, uzazi mwepesi, funga mdomo, njia itafunguka.

Asichosema ni kwamba yeye mwenyewe hakuufunga mdomo kwa hiari. Mwaka ule kampuni iliacha kugawa unga, mumewe akawa anarudi mikono mitupu mwezi baada ya mwezi, na yeye na mimba yake wakala pumba na majani. Alikuwa na njaa, basi. Baadaye akaivisha njaa yake nguo nzuri na kuiita akili.

Guy akakua, akaoa, akapata kazi ya kuchomelea vyuma. Kisha, kabla hata mvi ya kwanza haijachomoza, sukari ikamshika. Hakuwa mnene wala mlevi. Akaanza na kiu, yakafuata macho, halafu kidonda cha mguu kikakataa kupona. Watu walipouliza ugonjwa ule umetoka wapi, Mama Eugénie alikuwa na jibu: wivu wa wenzake kazini. Jibu hilo lilimtosha kabisa, mpaka mkewe Guy, Carine, aliposhika mimba.

Carine alikuwa binti wa Kapolowe, kwao samaki hawakosekani mezani. Mama Eugénie alimchunguza kiuno, akatikisa kichwa, akaanza kazi yake: mayai marufuku, samaki marufuku, bukari, yaani ugali, tonge la kuhesabu. Ufunguo wa kabati la chakula aliufunga kwa uzi akauvaa shingoni, karibu na rozari. Na Carine alipokwenda kliniki ya wajawazito, mkwe alimsindikiza, ili asirudi nyumbani na maneno ya watu.

Maneno yenyewe yaliwakuta huko huko kwenye benchi. Muuguzi Cathy alikuwa amesimama mbele ya wanawake, anaeleza.

“Banamama, sikieni. Mutoto mwenye kusikia njaa mu tumbo, mwili yake inajifunza kubana chakula. Inazani dunia yote iko njaa. Kisha anazaliwa, anakomea mukubwa, anakuta bukari, anakuta Fanta, na ule mwili haijui kutumika na bintu mingi. Si bote, lakini bengi banagonjwaka diabète. Na kama ni mutoto mwanamuke, mbegu zake za kuzala zinatengenezwaka mule mule mu tumbo yako. Njaa yako inafika mpaka kwa bajukuu.”

Kwenye benchi lile alikuwapo Orpha, jirani, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwekewa mlango.

“Aba! Maman Eugénie, njo ile ya Guy? Si ulikuwa unatuambiaka alizaliwa kadogo sana?”

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Walimgeukia tu wote pamoja, na katika macho yao aliiona sifa yake ya miaka yote ikigeuka kuwa mashtaka. Cathy, kwa huruma, akawahi kusema: “Hapana, mama, haiko kosa yako. Ile njaa haikukuwa yako.”

Mlango ulikuwa umefunguliwa pale, angepita. Angesema tu, kweli, nililia njaa na mwanangu tumboni, na benchi lote lingelia naye, kwa maana nusu yao walizikumbuka pumba zile. Lakini kuna watu ambao ukiwasamehe umewatukana. Mama Eugénie akasimama, akamshika Carine mkono, wakaondoka.

Njiani akasema: “Ule infirmière mwenyewe hajazala. Atatufundisha nini?”

“Mama,” Carine akajibu polepole, “miye niko na njaa.”

Angekuwa mkwe mwingine, sentensi ile ingemkata maini. Yeye ilimwonyesha hatari tu. Kama Carine angekula akashiba, mtoto akazaliwa na mashavu, akakua bila ugonjwa, Panda nzima ingesema: mnaona? Kumbe Guy aliharibiwa na tumbo la mama yake. Lakini kama mtoto angezaliwa mdogo na kuishi salama, basi muuguzi ni mwongo na Eugénie ni mama mwema. Kwa hesabu hiyo ya kipumbavu, mtoto wa watu akaanza kunyimwa chakula akiwa bado hajaliona jua.

Tangu siku hiyo tonge la Carine likapungua nusu. Mama yake, Hélène, alikuja kutoka Kapolowe na kapu la samaki wa kukaushwa na mayai ndani ya majivu. Mama Eugénie akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru kama mtu mwema, na mgeni alipoondoka akalifungia kabatini. Samaki wengine alilishwa Guy, wengine waliliwa na mende. Mayai yalioza mle ndani, harufu ikatoka kwenye nyufa za kabati, na Carine, ambaye alikuwa akilala chumba cha pili, alisema baadaye kwamba usiku hata harufu ile ilimtamanisha.

Alijaribu kuondoka mara moja. Alifika kwenye barabara ya Kapolowe na kifurushi kichwani, Mama Eugénie akamfuata na wanawake wawili wa kanisa. Wakamrudisha wakimwambia mbele za watu kwamba mke anayemkimbia mume mgonjwa hana tofauti na mwizi.

Guy alimpenda mkewe, lakini alikuwa mtoto wa mama yake, na maradhi yalikuwa yameshamla ujasiri. Alichoweza ni kuficha nusu ya bukari yake chini ya kitambaa, kwa ajili ya Carine. Mama Eugénie akagundua. Hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mwanawe, akasukuma sahani.

“Kula, mutoto wangu. Maliza.”

“Mama, docteur alisema nisikule mingi.”

“Docteur hakukuzala. Maliza, niko naangalia.”

Akala. Kila siku akala, tonge juu ya tonge, sukari inapanda na mguu unaoza, huku mkewe mwenye mimba amekaa kwenye mkeka anatazama mkono wa mumewe ukienda mdomoni. Katika nyumba ile mmoja alikuwa akiuawa kwa kula na mwingine kwa kukosa, na mpishi ni mmoja. Mguu wa Guy ulikatwa chini ya goti wiki chache kabla ya mkewe kujifungua. Mama Eugénie akasema ni wivu wa kazini.

Carine alizaa asubuhi, mapema, kwa urahisi. Mtoto wa kike. Mama Eugénie alipiga vigelegele uani mwa hospitali hadi walinzi wakageuka. “Bila kulia! Bila kupasuliwa! Sikuwaambia?” Cathy alimweka mtoto kwenye mizani, akatazama, akamfunga haraka kifuani kwa mama yake apate joto. Uzito akauandika bila kuutaja. Hilo nalo Mama Eugénie alilihesabu kuwa ni ushindi.

Bibi akadai jina lake, na jina akapewa bila ubishi. Mtoto akaitwa Eugénie. Mwili wa mtoto ulipopata nguvu kidogo, wakamtoa nje kama ilivyo desturi ya nyumba ile: wanawake wakakusanyika uani, na mwenye jina akakalishwa kwenye kiti ampokee wajina wake, amvue nguo, ampake mafuta mbele ya wote na kusema mtoto anafanana na nani. Orpha alikuwapo. Cathy alikuwapo. Guy alisimama mlangoni na magongo yake, suruali imekunjwa gotini.

Mama Eugénie alifungua kitenge cha kwanza, akitabasamu. Akafungua cha pili.

Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea kama soksi ya mtu mzima. Uso ulikuwa wa kizee. Mbavu zilihesabika. Hapo ndipo alipomkumbuka. Miaka yote ile alikuwa akisimulia uzazi wa Guy bila kuukumbuka hata mara moja uso wa Guy, na sasa huu hapa, mapajani pake, unamtazama. Alikumbuka pia kwamba siku ile hakujisifu. Siku ile alilia, akamwomba mtoto msamaha.

Mafuta yakamwagika mkononi. Wanawake wakangoja.

“Anafanana na nani?” Orpha akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

Mama Eugénie alijivua uzi shingoni, akamnyooshea mkwewe ufunguo. “Carine, kamata. Kula. Kula yote, mama, mutoto anyonye.”

Carine aliutazama ufunguo kama mtu anayetazama kitu cha jirani. Alikuwa ameshafunga kifurushi chake, na Hélène alikuwa amekaa juu yake, anangoja. Carine akamchukua mtoto, akamfunika taratibu.

“Bakia nayo, mama. Huyu tulimupa jina yako, uliitaka sana,” akasema. “Lakini bale batoto bake benye kuwa tayari mu tumbo yake, balishakusikia njaa yako bote. Bale utabapa jina ya nani?”