Fundi wa Gauni la Manjano

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka vizingitini, na mume wangu akaingia ndani yake kama mtu anayezama usingizini. Niligeuka tu kuepua chai. Kurudi, mlango uko wazi, kiti cha cherehani kina joto bado, na kiatu kimoja kimebaki chini ya meza.

Ugonjwa wa kusahau ulimchukulia majina kwanza, kisha nyuso. Mimi mwenyewe alikuwa akiniita "mama", kwa heshima, kama jirani.

Nikapiga simu polisi. Wakaja wawili na gari, askari mnene na mwenzake wa kike. Wakauliza vizuri: kavaa nini, anapenda kwenda wapi, anaogopa nini.

"Koti la kahawia. Mguu mmoja kiatu, mwingine ndara. Na king'ora msipige, wanangu, atajificha."

"Hatupigi, bibi."

Tukazunguka polepole: sokoni, mtoni, kwenye kibanda chake cha zamani cha ushonaji, ambako siku hizi wanauza simu. Mwanga wa taa za gari ulielea kwenye ule weupe. Kila mti ulikuwa yeye, halafu unakuwa mti.

Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya askari wa kaunta.

"Huyo mzee wenu ana ndara mguu mmoja? Basi yuko hapa kituoni, kwenye benchi. Mimi nikadhani mlalamikaji! Amekuja kuripoti kwamba mkewe kapotea."

Yule mnene akageuka kunitazama. "Bibi, umepotea tangu lini?"

Nikacheka, machozi yananitoka.

Tulimkuta ameketi wima, anamweleza askari wa kaunta: "Gauni la manjano, mikono ya puto, vifungo vya nyuma nimevivika kitambaa kwa mkono wangu. Kiuno chake hiki hapa." Akakionyesha kwa viganja viwili. Gauni hilo alinishonea kabla hajanioa.

"Mzee, twende nyumbani," akasema yule wa kike.

"Siondoki mpaka apatikane! Mtu kapotea, nyie mmekaa!"

Mnene akanyoosha mkono amshike. Nikamkonyeza: mwache. Nikaketi kando ya mume wangu. Usoni hakunitambua. Lakini vidole vyake vikatembea vyenyewe hadi kwenye pindo la mkono wa gauni langu, vikalipapasa, vikaligeuza kutazama mshono wa ndani.

"Mama, nani kakushonea hii?"

"Mume wangu."

"Ana mkono mzuri, bwana huyo." Akawaza kidogo. "Hebu nipeleke kwake. Mke wangu kwa nguo nzuri hajiwezi. Huenda yuko huko anapimwa."

"Si mbali," nikamwambia.

Tukatoka, hajaliachia pindo langu. Nyuma yetu gari la polisi likatufuata taratibu ndani ya ukungu, kimya kabisa, mpaka mlangoni kwetu.