Mluzi Kwenye Kona ya Kanisa

Sikumpenda Jarkko tangu siku binti yangu Henna alipomleta nyumbani mara ya kwanza. Mtu wa Turku, kule kusini pwani, maneno mengi na mikono laini. Miaka tisa baadaye alimwacha Henna na mtoto, akahamia Kajaani kwa mwanamke mwingine, na chuki yangu ikapata sababu. Nasema mapema ili usije ukanitafutia udhuru.

Mahakama ilimpa Jarkko Ijumaa mbili kwa mwezi za kukaa na mtoto. Henna hakutaka hata kuiona sura yake, kwa hiyo mjukuu wangu Hilla, mwenye miaka saba, alichukuliwa hapa kwangu Kuhmo, saa tisa alasiri. Karatasi ya kuandika saa aliyofika baba ilikaa jikoni kwangu, na mimi ndiye niliyeitia sahihi. Akichelewa mara tatu, basi. Mtoto hatatoka naye tena. Watakuwa wanaonana ofisi ya ustawi wa jamii, saa mbili tu kwa mwezi, mama mmoja wa ofisi amekaa pembeni akiwatazama. Kufikia mwezi wa tisa Jarkko alikuwa ameshachelewa mara mbili.

Mwezi huohuo alikuja na boksi kwapani. Nimekuwa fundi wa magari miaka arobaini, na gereji yangu iko nyuma ya nyumba.

"Mzee, unaweza kunifungia hiki?"

Nikafungua boksi. Chujio la hewa, jekundu, la wazi, lisilo na kisanduku wala kifuniko.

"Linakusaidia nini?"

"Linaifanya turbo isikike. Hilla anapenda ule mluzi. Ameniambia akiusikia tu kwenye kona ya kanisa, atavaa viatu mwenyewe."

"Kumbe mtoto siku hizi anaitwa kwa mluzi, kama mbwa?"

Akacheka. Kila nilipomchoma alicheka, na hilo nalo lilinikera.

Tukafungua boneti. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ina pupa, na kile kisanduku cha plastiki kilichokuja na gari kazi yake ni kuilisha kwa adabu. Mdomo wake umefichwa nyuma ya taa, na kina mdomo wa pili unaovuta hewa ya moto kutoka karibu na bomba la moshi, baridi ikizidi. Hakikuwekwa pale kwa urembo. Huku kwetu mkoa wa Kainuu theluji haianguki tu, inapeperuka. Ukilifuata lori la magogo mwezi wa kwanza, ni kama unaendesha ndani ya gunia la unga. Chujio la wazi linaunyonya unga ule, linaganda, na injini inakosa pumzi. Kila fundi wa huku anajua. Mtu wa Turku atajulia wapi, wakati kwao majira ya baridi ni mvua?

Kipande cha bati cha kulikinga kingetosha. Nilikuwa nacho mezani, kimeshakatwa, kilichobaki kutoka kazi nyingine.

"Tuliweke wapi, mzee?"

"Mbele kabisa, nyuma ya wavu. Hewa baridi ndiyo tamu kwa turbo."

"Wewe ndiye fundi."

Nikakaza vibano vya bomba kimoja kimoja, kazi safi, maana kazi mbovu siijui. Alipowasha na kukanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la sauna. Alifurahi sana, akanipa mkono. Alipokwenda kunawa, nikakichukua kile kisanduku cha zamani, nikakipasua kwa nyundo, nikakitupa kwenye pipa. Sikutaka kiwepo cha kurudia.

Kwetu mtu haambiwi asichouliza. Mwenzio unampa spana, unampa kahawa, lakini ushauri unangoja auombe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Jarkko hakuuliza. Nikammiminia kahawa na kumkatia mkate, nikanyamaza, na moyo wangu ulikuwa baridi kabisa.

Miezi mitatu hakuchelewa hata dakika moja. Hilla aliusikia mluzi kwenye kona ya kanisa, akavaa viatu mwenyewe kama alivyoahidi, na mara zote nilimkuta anacheka peke yake mlangoni. Nilianza kudhani nimemnyima lile bati bure.

Kisha ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na upepo. Saa nane na nusu Hilla alishakuwa ndani ya ovaroli lake la baridi, viatu miguuni, begi mgongoni, sikio kwenye kioo cha dirisha. Saa tisa ikapita. Nilimpashia moto supu ya njegere ya jana, akakataa.

"Vua basi hilo ovaroli, unatoka jasho."

"Nikivua ndipo atafika."

Saa kumi kasoro robo simu ikalia. Ilikuwa Jarkko, meno yanagongana.

"Mzee, gari limenizimikia porini, nilikuwa nyuma ya lori. Lile chujio limekuwa bonge la barafu. Nalikwangua kwa kucha, gari likiwaka linazimika tena. Niko kilomita thelathini tu hapo."

"Pole."

"Mzee, ile karatasi. Niandikie saa tisa. Sijawahi kukuomba kitu."

"Siandiki uongo."

Nikausikia upepo. Gari langu lilikuwa uani na tangi la mafuta limejaa, ningefika kwake kwa nusu saa. Nilikaa.

"Basi mwambie Hilla," akasema, "mwambie nilikuwa njiani. Na usijilaumu, mzee. Wewe ulifunga vizuri. Mimi ndiye nilitaka mluzi."

Nikakata simu, nikachukua kalamu, nikaandika: hakufika. Nikatia sahihi yangu yote, Taisto Heikura, kwa mwandiko mzuri.

Hilla alikuwa amesimama nyuma yangu. Uso ulikuwa mwekundu kwa joto, nywele zimelowa.

"Gari la baba limeharibika?"

"Theluji imeziba chujio."

"Lile jekundu mlilofunga?"

"Ndiyo."

Kisha akaniuliza, akinitazama machoni, "Babu, wewe ulijua theluji itaziba?"

Hapo nilikuwa nimeulizwa. Aliyeulizwa kwetu hujibu, tena hujibu kweli.

"Hapana," nikasema. "Sikujua."

Akanishika kidole gumba kwa mkono wake uliolowa jasho.

"Basi usisikitike, babu. Hukujua." Akakaa sakafuni, akavua kiatu kimoja, akaninyooshea mguu wa pili nimsaidie.