Marehemu wa Saa Kumi Kamili

"Umeniua redioni, mchana kweupe, na sasa unaniambia nikae chini ninywe maji?"

"Dada, punguza sauti. Studio iko hapo tu, na ukuta wenyewe ni mbao."

"Marehemu hapunguzi sauti. Marehemu ameacha kazi mezani, ameendesha gari na aproni mwilini, na maji yako hanywi."

Mdogo wake alifunga mlango wa chumba cha kaseti kwa kisigino. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, shati limenyooka kwa pasi, sauti nene ya kubembeleza. Wasikilizaji walimwita Mzee wa Kaseti, ingawa maisha yake yote hajawahi kutengeneza kaseti hata moja. Mtengenezaji ni huyu dada yake, aliyesimama mbele yake na vumbi jeupe la plasta mpaka kwenye nyusi.

Mambo yalikuwa hivi. Kila Jumamosi saa kumi kamili alasiri, kwa miaka sita, ndugu hawa walikuwa na kipindi chao kinachoitwa Zilizopitwa. Ni nyimbo za roki na panki za miongo iliyopita, zile ambazo hazikupata mtu wa kuzishika: upande wa pili wa santuri, bendi zilizorekodi mara moja zikasambaratika, vijana waliopiga kelele gerejini na kuacha utepe mmoja. Dada alizitafuta, mdogo wake akazitangaza. Dada ni fundi wa meno ya bandia, ana stashahada yake ya chuo cha ufundi, na mikono iliyozoea kupanga meno kumi na manne kwenye nta haishindwi na kaseti. Utepe uliokwama aliuchomoa kwa kibano kilekile cha kazini, akauunga palipokatika, akauhamishia kwenye kasha zima. Kisha aliandika kadi: bendi gani, mwaka gani, nani alipiga nini. Asichokijua nacho alikiandika: hatujui. Mdogo wake alitakiwa kusoma hivyohivyo hewani, hatujui, bila kuona haya. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Na yalizaa matunda, maana mara mojamoja simu ililia na mtu akasema, mimi najua, huyo mpiga gitaa ni shemeji yangu, yuko hai, anafuga kuku.

Mwezi uliopita dada alimletea kaseti isiyo ya kipindi. Ilikuwa ya bendi yake mwenyewe, Misumari, wasichana watatu wa chuo, wimbo mmoja tu unaoitwa "Fungua Geti", uliorekodiwa kwenye karakana ya useremala siku ya Jumapili. Kituo kina mashine ya kuuingiza kwenye kompyuta, yeye hana.

"Niingizie, wanangu wawe nao," alimwambia. "Ila usiucheze hewani."

"Haya, dada," mdogo wake alijibu, na mkono akauweka kifuani kabisa.

Leo saa nane na nusu alikuwa kazini anachonga ufizi wa taya la chini, redio inanong'ona pembeni. Likapita tangazo: saa kumi kamili, kipindi maalumu cha kumuenzi marehemu Spana, mwimbaji wa Misumari, aliyetuachia wimbo mmoja kabla hajatuaga. Spana lilikuwa jina lake la bendi. Kisu kikateleza, ufizi ukaenda na maji. Akampigia bintiye.

"Kwani hukusikiliza Jumamosi iliyopita?" binti alishangaa. "Mimi nilidhani mmepanga. Wenzangu bwenini walilia, mama. Mmoja alinililia begani hata hajui ni wewe."

Jumamosi iliyopita alikuwa akimpimisha meno mzee mmoja msumbufu, hakufungulia redio.

"Nilikufa na nini?" alimuuliza mdogo wake sasa.

"Dada..."

"Nauliza ugonjwa. Nina haki ya kujua kilichoniua."

Mdogo wake aliangalia viatu. "Sikuutaja. Nilisema tu ulidhoofika."

"Nilidhoofika! Na kilo themanini na mbili hizi!"

"Nilisema ni wimbo wa mtu aliyejua anaondoka. Lile geti, unaona, nililieleza kama geti la..." Akanyoosha kidole juu, kuelekea kwenye feni.

"Lile geti ni la bweni, wewe! Lilifungwa saa mbili usiku na sisi tuko nje na gitaa, mvua inatupiga! Mstari wa tatu ninamtukana mlinzi!"

"Mstari wa tatu hausikiki vizuri."

Angekuwa mtu mwingine, dada angecheka. Alimtazama mdogo wake huyu, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, aliyemfundisha kusikiliza gitaa la besi chini ya makelele mengine, na akangoja aone aibu. Aibu haikuja. Yalikuja maelezo.

"Nisikilize kwanza, dada yangu. Mkuu wa vipindi aliniita ofisini. Akasema nyimbo ni nzuri, lakini huyu 'hatujui' wenu ananifukuzia wasikilizaji. Watu wanataka kisa. Hatujui, hatujui, kila wiki hatujui! Akasema nimpe visa au ataweka kipindi cha mpira. Ningefanya nini? Tungekufa wote, wewe na mimi na kaseti zako."

"Alikuita lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa pili hivi."

"Mwaka juzi." Dada aliyarudia maneno hayo taratibu. "Wimbo wangu umeucheza wiki iliyopita. Aliyekuita alikuita mwaka juzi. Hapo katikati ulikuwa unampa visa vya nani?"

Mdogo wake alijifanya kutafuta kitu mfukoni.

"Yule mpiga ngoma aliyepofuka," dada alisema. "Akafungwa kengele miguuni ili wenzake wajue alipo."

Mdogo wake alihamia mfuko wa pili.

"Wale pacha wawili waliotenganishwa, wakawa wanatungiana nyimbo kwa barua?"

"Watu waliwapenda sana wale pacha," mdogo wake alisema, kwa sauti ya chini, na kulikuwa na majivuno kidogo ndani yake.

Dada alikaa juu ya sanduku. Alitaka awe karibu na rafu ya chini. Akavuta kaseti ya mpiga ngoma, akatoa kadi. Mwandiko wake mwenyewe, wino mweusi: bendi, mwaka, hatujui. Chini yake, kwa wino wa bluu, mwandiko uleule wake: alipofuka akiwa na miaka ishirini na minne, akaendelea kupiga.

"Nilidhani msikilizaji amekupigia," alisema. "Ulipokisimulia kisa hicho nilikuwa barabarani. Nilisimamisha gari pembeni nikalia kama mjinga. Nilipofika nikaja hapa, nikaiongezea kadi. Kwa mkono wangu. Nikashukuru kwamba mtu mmoja amejulikana."

"Dada, ni burudani tu. Hakuna aliyeumia."

"Nilimsimulia mwanangu alipofeli. Nilimwambia, angalia huyu, alipoteza macho na hakuacha. Sasa nikamwambie nini? Mjomba wako alikuwa anatafuta wasikilizaji?"

Akachomoa kadi ya pili, ya tatu. Wino wa bluu kila mahali. Thelathini na kitu. Miaka yote alikuwa akijisifu kwamba kwenye rafu hizi hakuna neno la uongo, na uongo wenyewe umeandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa chuo.

Mlango ulifunguliwa kidogo. Fundi mitambo, msichana wa nywele fupi, aliingiza kichwa. "Dakika nne, mzee. Mgeni wa simu yuko tayari. Analia hata hatujaanza." Akamwona dada, akaiona plasta, akatoka.

"Mgeni gani?" dada aliuliza.

Mdogo wake aliangalia mlango. "Alipiga Jumatatu. Alikuwa anasafiri na greda lake huko anakotengeneza barabara, akausikia wimbo. Anaitwa... anasema mlikuwa mnamwita Nyigu."

Dada alizitia kadi zenye wino wa bluu kwenye mfuko wa aproni.

Nyigu ndiye aliyepiga besi. Siku ya onyesho lao la kwanza la maana, ukumbi umejaa, Spana alikuwa na mtihani wa stashahada kesho yake asubuhi. Alichagua mtihani. Nyigu akapanda jukwaani na mpiga ngoma, bila mwimbaji, akazomewa mpaka akashuka. Hawakusemezana tena. Miaka ishirini na saba. Dada alipata kuanza kumtafuta mara mbili tatu, akaona haya, akaacha.

"Tangu Jumatatu unajua," alisema. "Siku tano mtu analia kifo changu na wewe umenyamaza."

"Nitampigia baada ya kipindi, nimweleze polepole."

"Umweleze kwamba nimefufuka?"

"Dada, tafadhali. Mkuu wa vipindi anasikiliza leo. Jumatatu ninasaini ajira ya kudumu. Miaka sita niko hapa kama kibarua, ninaomba ruhusa hata ya kuumwa. Nusu saa tu. Kaa humu nusu saa, ukishatoka ukitaka nipige makofi. Mimi ni damu yako."

Hakungoja jibu. Alijua dada yake hamwangushi. Maisha yote hakumwangusha. Alirekebisha kola, akatoka.

Ukuta ulikuwa wa mbao kweli. Dada alisikia mlio wa kufungua kipindi, kisha sauti ya mdogo wake ikishuka, ikilainika, ikiwa na huzuni ya kuazima. Akasikia wimbo wake, sekunde ishirini, sauti yake ya miaka ishirini ikibomoa geti. Wimbo ukapunguzwa, ikaingia sauti nyingine, nzito, ya mtu mzima aliyevuta vumbi la barabara siku nyingi.

"Mimi nilimnunia," Nyigu alisema. "Kwa ajili ya mtihani. Fikiria, mtihani! Alikuwa na akili, mimi sina, nikamnunia. Nilikuwa nasema kila mwaka, mwaka huu namtafuta. Sasa namtafutia wapi?"

"Pole sana, dada yetu," Mzee wa Kaseti alisema. "Unadhani angekuambia nini leo, kama angekusikia?"

Swali hilo ndilo lililomwinua dada kutoka kwenye sanduku.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango wa studio. Aliusukuma, akapita mbele ya kioo cha fundi mitambo, akavuta kiti cha mgeni na kipaza sauti kilichokuwa kimegeuzwa ukutani. Kitufe chake alikijua. Ni yeye aliyekilehemu kilipokufa.

"Ningemwambia aache kulia," alisema. "Nyigu, ni mimi. Sijafa. Sijaumwa hata mafua."

Simu ilikwaruza. Nyuma yake ilisikika injini kubwa ikinguruma.

"Nani huyo?"

"Spana. Ulikuwa unakata kucha za kushoto tu kwa ajili ya besi, za kulia unaziacha."

"Mshenzi wewe!" Nyigu alilipuka. "Nimevaa nyeusi wiki nzima juani! Mshenzi mkubwa! Uko wapi?" Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na fundi mitambo nyuma ya kioo alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Mzee wa Kaseti hakukaa njia panda hata sekunde tatu. "Wasikilizaji wapenzi," alisema, sauti ikipanda, "sijui niseme nini! Ni maajabu! Taarifa tulizoletewa zilikuwa na kosa, na leo, mbele ya masikio yenu, Zilizopitwa imewakutanisha marafiki wawili waliopoteana!" Akamgeukia dada yake, akimwangalia kwa macho ya kuomba na ya kumsifu kwa pamoja, akimwonyesha kwa kidevu: itikia tu, sema ndiyo, tumepona.

Na wangepona. Dada aliliona hilo waziwazi. Neno moja na mkuu wa vipindi angefurahi kuliko mwanzo, Jumatatu kalamu ingetoka, na Jumamosi ijayo kungekuwa na kisa kingine, kizuri zaidi, na yeye rafuni na wino wake wa bluu. Alimwona mdogo wake tayari akikipanga.

"Hakuna taarifa iliyoletwa," dada alisema kwenye kipaza sauti. "Aliyeniua ni huyu mtangazaji. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Alijua niko hai, kaseti nilimpa mimi mwenyewe."

Mdogo wake alipitisha kidole shingoni, akimwashiria fundi mitambo akate. Msichana alitazama kitufe, akamtazama yeye, akaiweka mikono mapajani.

"Nyigu, usikate, nakuja kuongea na wewe," dada aliendelea. "Nyinyi wengine chukueni kalamu. Tangu mwaka juzi mmesimuliwa watu ambao hawakuwahi kuwepo. Kwenye kadi zao mwandiko ni wangu, kwa hiyo nawafuta mimi."

Alichomoa kadi alizokuwa amezitia kwenye mfuko wa aproni, akazipanga kwa tarehe, akaanza na ile ya mwezi wa pili, mwaka juzi.