Rimu za Jailos na Springi Zangu

Mimi ugomvi siupendi, ila ukinitafuta utanipata. Mume wangu Jailos alinitafuta mwaka sabini na nne, hapa hapa Mbeya, kwa sababu ya rimu za gari.

Gari lenyewe lilikuwa langu. Nalisema hilo mapema, maana watu mtaani walizoea kuliita gari la Jailos wa posta. Baba yangu alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja, mkulima wa tumbaku kule Iringa. Mgiriki alipoondoka nchini alimwachia baba gari lake la spoti, dogo, jekundu, la milango miwili. Baba macho yalikuwa yameanza kumchoka, akanipa mimi bintiye, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kuendesha tangu miguu yangu haijafika vizuri kwenye klachi. Wenzangu walipoolewa walikwenda na masanduku, mimi nilikuja Mbeya na gari.

Lilikuwa zuri kulitazama, lakini kulipanda ilikuwa adhabu. Springi zilikuwa zimelala, shokamzoba zimekufa zote. Ukipita kwenye kishimo cha kuku kuogea vumbi, unagonga kichwa juu. Majirani walilipa jina Kiroboto, na jina likashika hata kwetu nyumbani.

Vipuri siku zile vilikuwa shida. Bahati yetu ilikuwa Mika, mtu wa Ilula, rafiki wa baba tangu ujana, aliyekuwa akiendesha lori kati ya Dar es Salaam na Zambia. Kila akipita Mbeya alisimama kwangu kunywa chai. Siku moja akasema, "Severina mwanangu, lori linarudi na shaba, nafasi niliyonayo ni ya mzigo mmoja tu. Nikuletee rimu mpya na matairi yake, au nikuletee springi na shokamzoba? Chagueni."

"Rimu!" Jailos akadakia kabla sijafungua mdomo. "Mama Lea, Saba Saba hiyo inakuja. Gari linatazamwa miguu."

"Gari linatazamwa na walio nje," nikamwambia. "Sisi tulio ndani je? Mgongo wangu huu ni wa chuma?"

"Utazoea."

"Sizoei ng'o! Mika, leta springi."

Basi nikajua yameisha. Kumbe mume wangu alimfuata Mika hadi kituo cha mafuta, akamwambia eti nimebadili mawazo. Mika naye, mtu mzima, akaamini.

Rimu zilipofika nilitamani kuzirusha mtoni. Lakini tuseme ukweli, zilikuwa nzuri. Zilikuwa pana, zinang'aa hata ukijitazama unaona meno yako, na matairi yake yalikuwa membamba ubavuni, yamekaza kweli kweli. Siku ya Saba Saba Jailos alizunguka mji mzima mkono mmoja ukiwa nje ya dirisha. Vijana walipiga miluzi. Mimi nilikaa pembeni yake nimenuna, kila kokoto nalihisi kwenye uti wa mgongo. Zamani Kiroboto aliruka, sasa akawa anaruka na kupiga.

Sasa nieleze habari za baba mkwe. Jina lake silitaji, hata leo. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hakai naye mahali pamoja, wala jina lake halimtoki kinywani. Mzee akitokea huku, wewe unapotelea kule. Mimi ni Mhehe, kwetu mambo hayako hivyo, lakini nimeolewa huko na adabu yao nimeishika. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mzee kwa kikohozi chake na kwa viatu vyake vya matairi, ambavyo niliviona chini ya mlango nikipita kwenda jikoni kwa mama mkwe.

Nililijua pia neno lake moja. Jailos alipopeleka habari kwamba anaoa binti wa dereva, na binti mwenyewe ni dereva, mzee alisema, "Mwanamke anayeshika usukani hatafaa. Siku moja atakushusha njiani." Niliambiwa na shangazi mmoja mwenye mdomo, na neno hilo lilinikaa kifuani. Nilipomzaa Lea nilidhani litaondoka. Wapi! Mzee alituma jogoo na pongezi kwa mtoto, na mimi sikutajwa. Iliniuma, Mungu ananiona. Kwenda kujitetea nisingeweza, maana utajitetea vipi kwa mtu usiyeruhusiwa kumsemesha?

Mzee alikuwa akiishi Chunya. Ujana wake wote aliumalizia kwenye machimbo ya dhahabu, akainama mpaka mgongo ukamkataa. Baada ya Saba Saba tukaletewa habari kwamba hainuki kitandani na mguu mmoja umeanza kufa ganzi. Mganga wa zahanati alikuwa amesema apelekwe hospitali ya Mbeya, akicheleweshwa mguu utapooza, na ukipooza ndiyo basi.

Jailos akaondoka na Kiroboto asubuhi hiyo hiyo. Nilitandika kitanda cha mzee chumba cha mbele, nikapanga na jirani jinsi nitakavyopita uani ili tusikutane. Jioni Jailos akarudi peke yake. Alikaa ndani ya gari muda mrefu bila kushuka, nikamfuata.

"Yuko wapi?"

"Hatukufika mbali," akasema. "Ile barabara imekuwa kama bati la nyumba. Baba alipiga kelele, mama Lea. Sijawahi kusikia baba akipiga kelele tangu nizaliwe. Nikamrudisha. Amesema atakufa kitandani kwake, kwenye gari la Jailos hapandi tena."

Halafu akalia. Mwanaume mzima, na tai ya posta shingoni.

Jamani, maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni! Nilikwambia! Si nilikwambia! Nikayameza yote, na kumeza si kawaida yangu. Nilimletea maji ya kuoga.

Kesho yake, yeye akiwa kazini, nikapiga jeki. Rimu zile nikazifungua zote, nikarudisha zile kuukuu zenye kutu. Mika alipopita akielekea Zambia nikampakilia zile za Jailos zinazong'aa kwenye lori. "Rudi nazo ulikozitoa," nikamwambia, "uniletee nilichokutuma mwanzo. Na safari hii mtu akikufuata kituo cha mafuta, mfungie kioo."

Mika akacheka hadi akashika tumbo. Jailos alipotoka kazini akaona gari, akaona kutu, akasimama. Nikasubiri aseme neno moja tu, nilikuwa tayari. Aliingia ndani akatoka na chai ya watu wawili.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Kila basi la Chunya likifika tuliogopa kusikia linaleta habari gani. Hatimaye Mika akashusha mzigo: springi mpya na shokamzoba, bado zina grisi. Nikaingia chini ya gari mwenyewe kama baba alivyonifundisha, Jailos akinishikia taa na kunipa spana isiyo yenyewe kila nikiomba. Tulipomaliza nilichukua tenga la nyanya ambalo Mika alituletea kutoka kwao Ilula alipokuwa akienda Zambia, sasa zimeiva, nikaliweka kiti cha mbele, nikapanda nalo barabara ya Chunya hadi msitu wa Kawetere na kurudi. Nyanya hazikupasuka. Tulizila usiku huo na ugali, Jailos akanitazama akasema, "Ningekusikiliza."

"Ungenisikiliza," nikasema.

Lakini mzee alikuwa ameshasema hapandi gari la Jailos, na mzee yule akisema amesema. Wa kuendesha nilikuwa nimebaki mimi, na mimi ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kukaa naye ndani ya gari. Tulikwenda hivyo hivyo, Jailos na mimi, bila kujua tutafanyaje.

Tulipofika Chunya nilijificha nyuma ya ghala. Nilisikia kila kitu.

"Gari limetengenezwa, baba. Springi mpya."

"Anaendesha nani?"

Mzee akakohoa.

"Nimeuliza, anaendesha nani? Wewe sipandi na wewe."

Ndipo nikamsikia mama mkwe wangu, mama Andendekisye, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alisema, "Mume wangu, humo ndani hamna mtu. Mimi nimechungulia. Hamna dereva. Gari linaijua njia lenyewe."

Nikategea sikio. Kuku tu.

"Linaijua njia?" mzee akauliza.

"Linaijua sana. Mguu wako unautaka au huutaki?"

"Haya," akasema mzee polepole. "Kama linaijua njia."

Mama mkwe akaja na khanga yake ya harusi, ile anayoitunza kwenye sanduku. Tukaifunga kati ya viti viwili vya mbele, kutoka juu ya kioo hadi nyuma, ikawa ukuta. Kioo cha kutazamia nyuma nikakigeuza. Mimi nikaingia kwanza, nikakaa kimya. Halafu wakamleta, wakamlaza kwenye kiti cha upande wa pili kilichoinamishwa. Chini ya pindo la khanga niliona viatu vya matairi. Jailos akajikunja kiti cha nyuma, magoti masikioni, na nitakuwa mwongo nikisema nilimhurumia.

Tukaondoka. Jamani, sijawahi kuendesha vile. Kila bonde nilikuwa naliingia kwa breki ndogo na kulitoka kwa gia, kila jiwe nalikwepa. Barabara ilikuwa ile ile iliyomliza, lakini Kiroboto aliteleza juu yake. Niliogopa kusikia kelele ile Jailos aliyonisimulia. Sikuisikia. Nilisikia mzee anapumua.

Mwanzoni mazungumzo yalipita kwa Jailos. "Baba anasema taratibu." Ninapunguza. "Baba anasema anaweza kuvumilia, ongeza kidogo." Naongeza. Tulipoanza kupanda mlima, ule mtikisiko mdogo ulimlevya mume wangu, akalala fofofo, anakoroma.

Basi tukabaki wawili na khanga.

Mara mzee akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe gari."

Nikakaza mikono kwenye usukani.

"Wewe Kiroboto. Kuna korongo mbele, upande wa kushoto. Mimi naijua njia hii, niliipita kwa miguu kabla haijawa njia."

Nikahamia kulia. Korongo lilikuwepo kweli.

"Vizuri," akasema.

Kule juu ukungu ulikuwa umetanda na baridi ikaingia. Mzee akaanza kuliambia gari mambo. Aliliambia jinsi alivyotoka Tukuyu akiwa kijana kufuata dhahabu, na jinsi dhahabu ilivyokuwa kidogo na mawe mengi. Akaliambia mguu wake sasa unawaka moto, na kwamba hilo anadhani ni jema, kwa sababu jana haukuwa na kitu kabisa. Nilitaka kumwambia, ndiyo baba, ni jema, vumilia, tunakaribia. Nilibana midomo.

Tulipovuka mgongo wa mlima, ukungu ukafunguka, Mbeya yote ikaonekana chini, mabati yake yanang'aa.

"Gari, simama kidogo."

Nikasimama. Nikazima injini. Jailos alikuwa bado anakoroma nyuma.

"Nilisema neno juu yako zamani," mzee akasema. "Ulipoletwa kutoka Iringa. Nilisema hutafaa, utamshusha mwanangu njiani." Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Nilikosea. Mwanangu ndiye aliyeninunulia vya kung'aa. Wewe umeuona mgongo wangu, na hujawahi kuniona uso. Ndaga fijo, gari. Asante sana."

Machozi yalinitoka hadi kwenye gauni, na sikuyafuta kwa sababu sikutaka khanga itikisike. Kumjibu sikuweza. Adabu ni adabu, na yeye alikuwa ameilinda mpaka mwisho, basi mimi nani niivunje?

Nikabonyeza honi. Mara moja, kidogo tu.

Jailos akaruka kule nyuma, akagonga kichwa. "Nini? Kuna ng'ombe barabarani? Mnaongea na nani?"

"Wewe lala," baba yake akamwambia. "Naongea na mkwe wangu."